Heshi hazilingani: utatuzi wa matatizo unapochuja faili zinazojulikana katika upelelezi wa kompyuta

Nakili diski ya GB 500 ya kompyuta mpakato ya mhasibu, na utajikuta na faili laki tatu, pengine laki sita. Nyingi mhasibu mwenyewe hajawahi kuziona: ni Windows, fonti, aikoni, programu za kuendeshea printa ambazo hazipo tena ofisini, kamusi za tahajia za lugha asizozijua. Ukisema uzifungue moja moja utastaafu kesi ikiwa bado mezani. Ndiyo maana tunachuja. Kila faili inakokotolewa heshi, yaani alama fupi ya herufi na tarakimu inayotokana na baiti zake zote kama alama ya kidole, heshi inatafutwa kwenye orodha ya programu zinazojulikana, zilizopatikana zinawekwa kando, na macho yanabaki kwa zilizosalia.

Orodha inayotumika zaidi ni ya NSRL, maktaba ya programu iliyo chini ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, huko Gaithersburg, Maryland. Hawa wanachukua programu halisi (zamani sanduku na CD yake, siku hizi zaidi ya kupakua), wanaihifadhi, wanakokotoa heshi za kila faili iliyomo, kisha wanatoa orodha bure, mara nne kwa mwaka. Orodha yenyewe inaitwa RDS. Nakala asili zinatunzwa kwa makusudi, ili mtu akiuliza heshi fulani imetoka wapi pawe na kitu cha kumwonyesha.

Maelezo yake hayachukui dakika kumi. Matatizo yanaanza ukishakaa kwenye kiti. Yafuatayo ni yale ninayopigiwa simu mara kwa mara, na mengine yamenipata mwenyewe.

Kwanza, mnazungumzia saini ipi?

Nimeshuhudia watu wawili wakibishana saa nzima kuhusu "saini ya faili" kumbe kila mmoja ana yake. Kuna saini ya mwanzo wa faili, zile baiti chache zinazosema faili ni ya aina gani: FF D8 FF ni picha ya JPEG, 25 50 44 46 ni PDF, 4D 5A ni programu ya Windows. Hii inakusaidia kumkamata aliyebadili picha.jpg ikawa hesabu.xls. Kuna saini ya kidijitali, ambayo mtengenezaji anaigonga kwenye programu yake. Na kuna heshi. Makala hii ni ya heshi.

Zile mbili za mwisho zinachanganya kweli. Saini ya kidijitali ya programu za Windows haihesabu faili nzima. Inaliruka eneo ambamo cheti chenyewe kimehifadhiwa. Kwa hiyo faili inaweza kuwa na saini halali kabisa huku heshi yake haimo kwenye orodha yoyote, kwa sababu mtu ameongeza baiti kwenye eneo hilo. Zikikukuta, usiseme "Microsoft wamesaini, tuendelee". Iweke upande wa kuchunguzwa.

Dalili: umechuja, na haijapatikana hata faili moja

Sifuri kamili ni habari njema. Windows yoyote ina faili zilizomo kwenye RDS, kwa hiyo ukipata sifuri jua kasoro iko kwenye bomba, si kwenye diski.

Anza kwa kuhesabu herufi. Heshi zina aina zake: MD5 ina herufi 32, SHA-1 ina 40, SHA-256 ina 64. Watu wengi wanalinganisha MD5 na orodha ya SHA-1 bila kujua, kwa kuwa kila chombo kina mazoea yake: `Get-FileHash` ya PowerShell hutoa SHA-256 usipoiambia kitu, `certutil -hashfile` hutoa SHA-1, na Autopsy, programu ya upelelezi wa diski, hulinganisha kwa MD5. Ukiipa Autopsy orodha ya SHA-1 tupu, hata ungekuwa na diski ya Bill Gates mwenyewe usingepata kitu.

Herufi zikiwa sawa, angalia ukubwa wa herufi. RDS huandika kwa herufi kubwa, `md5sum` kwa ndogo. Binadamu anaona kitu kimoja. `Grep`, amri ya kutafuta maandishi, na hifadhidata ya SQLite wanaona viwili.

Kisha kuna vitu visivyoonekana, na hapa mimi nilipoteza usiku mzima. Nilikuwa nimetengeneza orodha ya heshi kwenye Windows kwa alama ya `>` ya PowerShell, nikaihamishia Linux, nikaitafuta kwa `grep -f`. Sifuri. Nikafungua faili: heshi hizo hapo, safi kabisa. Nikachukua moja, nikaiandika kwa mkono: inapatikana. Nikairudisha kwenye orodha: sifuri. Saa tisa usiku ndipo akili ilinijia nikaandika `file orodha.txt`, na jibu likawa kwamba ni UTF-16. Ile PowerShell 5.1 inayokuja na Windows huandika kila herufi kwa baiti mbili, kwa hiyo `grep` ilikuwa inatafuta heshi zenye sifuri katikati ya kila herufi. Tiba ni mstari mmoja:

`iconv -f UTF-16 -t UTF-8 orodha.txt | tr -d '\r' > orodha_safi.txt`

Hiyo `tr` ya mwisho inaondoa ugonjwa mwingine wa familia hiyo hiyo: Windows humaliza mstari kwa alama mbili, Linux kwa moja, na ile ya ziada inang'ang'ania mkiani mwa kila heshi. Ukitaka kuiona, `cat -A orodha.txt` itakuonyesha `^M` mwisho wa mistari. Alama za kunukuu nazo zina mambo yake. Toleo la zamani la RDS, lile la NSRLFile.txt, linazungushia kila kitu alama hizo.

Ukitaka kujua kama chombo chako kina akili timamu kabla ya kukiamini na kesi, kipime kwa kitu chenye jibu linalojulikana. Neno `hello` peke yake lina MD5 hii:

`5d41402abc4b2a76b9719d911017c592`

Ukipata `b1946ac92492d2347c6235b4d2611184` badala yake, chombo hakina kosa. Umetumia `echo` bila `-n`, nayo imekuongezea alama ya mwisho wa mstari. Baiti moja tu, na heshi nzima imegeuka. Huo ni mfano mzuri wa kumwonyesha mgeni heshi ni kitu gani, kuliko hotuba yoyote.

Ikiwa yote hayo ni sawa, huenda umepakua RDS mpya huku chombo chako kinajua ya zamani. Toleo la 3 halina tena NSRLFile.txt, linakuja kama hifadhidata ya SQLite. Chombo kisichoielewa kinaweza kukaa kimya badala ya kulalamika. Toa unachohitaji mwenyewe:

`sqlite3 RDS.db "SELECT DISTINCT md5 FROM FILE;" > md5.txt`

Na kama bado unatumia `hfind` na orodha ya zamani, hakikisha umejenga faharasa ya heshi unayoitafuta (`hfind -i nsrl-md5 NSRLFile.txt`). Faharasa ya MD5 haitakusaidia kutafuta SHA-1.

Dalili: zimepatikana, ila chache kuliko ulivyotarajia

Hapa mara nyingi hakuna kosa. Microsoft hutoa masasisho Jumanne ya pili ya kila mwezi, NSRL inatoa orodha kila miezi mitatu, na kompyuta uliyonayo imesasishwa wiki iliyopita. Pengo hilo haliepukiki. Angalia pia kama umechukua seti sahihi, maana RDS imegawanywa: programu za kisasa, za zamani, za Android, za iOS. Mtu akipakua seti ya zamani kwa sababu ilikuwa nyepesi kwa bando lake, Windows 11 itaonekana kama imetengenezwa na majambazi.

Kuna faili ambazo hazitakaa zilingane hata siku moja: za mipangilio, kumbukumbu za matukio, rejista, chochote ambacho programu inakiandika upya ikishasakinishwa. Na ukikokotoa heshi za programu ulizozitoa kwenye RAM, usitarajie kitu. Windows ikiipakia programu kwenye kumbukumbu hurekebisha anwani ndani yake, kwa hiyo baiti si zile zilizo kwenye diski.

Kisha kuna programu zetu. Mfumo wa uhasibu uliotengenezwa na kijana wa mtaani kwa ajili ya maduka matatu ya jumla, programu ya kutoa risiti, mfumo wa kusajili wanafunzi wa chuo fulani: hivyo havimo kwenye rafu za Gaithersburg wala havitakuwamo. Usivione kuwa vya kutiliwa shaka kwa sababu tu Mmarekani havijui. Tiba ni kutengeneza orodha yako. Omba kompyuta nyingine ya ofisi hiyo hiyo isiyohusika na kesi, au sakinisha Windows ya toleo lile lile pamoja na programu zao kutoka kwenye nakala asili, kisha:

`hashdeep -r -c md5,sha1,sha256 /mnt/safi > safi.txt`
`hashdeep -r -x -k safi.txt /mnt/kesi`

Amri ya pili inakuonyesha zile tu zisizokuwamo kwenye ile safi. Kwa ofisi zetu, orodha ya namna hii inayotengenezwa kwa nusu siku hupunguza kazi kuliko RDS nzima. Andika umeitengeneza lini, kutoka kompyuta ipi, na nani alikuwepo. Utaulizwa.

Dalili: mafuriko ya tahadhari

Kijana mmoja niliyefanya naye kazi alinipigia akiwa amejaa furaha.

"Kaka, tumempata! Orodha yetu ya faili haramu imegonga mara elfu nne."

"Za ukubwa gani?"

Kimya. Nikamsikia anabonyeza. "Sifuri. Zote sifuri, kaka."

Faili tupu zote duniani zina heshi moja. Kwa MD5 ni `d41d8cd98f00b204e9800998ecf8427e`. Kwa SHA-1 inaanza na `da39a3ee`. Kwa SHA-256 inaanza na `e3b0c442`. Zikariri kama unavyokariri namba ya mama yako. Mtu aliyetengeneza orodha ya faili haramu alikokotoa folda nzima bila kuangalia, ndani yake mlikuwa na faili tupu, na sasa kila kompyuta duniani ina hatia. Iondoe kwenye orodha. Fanya hivyo hivyo kwa faili za baiti chache sana, na kwa takataka za kawaida kama desktop.ini, ambazo huingia kwenye orodha kwa kuwa zilikaa folda moja na kilichotafutwa.

Dalili: ushahidi umo, lakini haukuonekana

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote, na halina ujumbe wowote wa kosa kwenye skrini. Linatokana na neno "inajulikana" kusomwa kama "haina madhara".

NSRL hawasemi faili ni njema. Wanasema wanaijua ilikotoka. Ndani ya RDS mna programu za kuficha ujumbe ndani ya picha, mna za kufuta faili zisifufuke, mna za kudhibiti kompyuta ukiwa mbali, kwa sababu zote hizo ni programu zinazouzwa au kutolewa kihalali. PsExec, cha kuendesha amri kwenye kompyuta nyingine, ni chombo cha Microsoft wenyewe; fundi wa mtandao anakitumia kutwa, na aliyeingia kwenye seva ya watu usiku naye pia. Ukificha kila kinachojulikana, umemfichia mshukiwa zana zake. Upande wa pili, RDS haina heshi za picha haramu. Anayetafuta picha za unyanyasaji wa watoto anahitaji orodha nyingine, zinazotunzwa na vyombo vya dola.

Mfano ninaoupenda kuufundishia ni sethc.exe. Ni programu ndogo ya Windows inayojitokeza ukibonyeza Shift mara tano, kwa ajili ya watu wanaopata shida kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Inafanya kazi hata kwenye skrini ya kuingilia, kabla hujaweka nywila. Mjanja akiiwasha kompyuta kwa flashi, akanakili cmd.exe (dirisha la amri la Windows) juu ya sethc.exe ndani ya System32, folda ya programu za mfumo, basi kuanzia siku hiyo yeyote atakayebonyeza Shift mara tano kwenye skrini hiyo anafunguliwa dirisha la amri lenye mamlaka yote ya mfumo, bila nywila.

Sasa chuja diski hiyo. Heshi ya hiyo "sethc.exe" ni heshi ya cmd.exe halisi, iliyotengenezwa na Microsoft, isiyochezewa hata biti moja. Imo kwenye RDS. Chujio linaipitisha kama mwizi aliyevaa sare ya mlinzi, tena sare ya kweli.

Kwa hiyo usiishie kuuliza kama heshi imo. Uliza imo kwa jina gani:

`SELECT DISTINCT file_name FROM FILE WHERE md5 = '...';`

Jina la kwenye maktaba likiwa cmd.exe na la kwenye diski sethc.exe, au utilman.exe, umepata jambo. Kwa kazi hii tumia seti kamili, maana ile ndogo huweka kila heshi mara moja tu na jina utakaloliona ni moja kati ya mengi. Linganisha pia na mahali ilipo: svchost.exe, programu ya mfumo wa Windows, hata ikiwa halisi kabisa, iliyokaa kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa haikufika pale kwa miguu yake.

Mimi hugawa mafungu matatu. Zinazojulikana na ziko mahali pake kwa jina lake, naziweka kando. Zinazojulikana lakini ni zana za kufuta, kuficha, kuingilia au kudhibiti kutoka mbali, nazipa alama. Zisizojulikana, nazifungua. Fungu la pili ni dogo, aghalabu faili kadhaa tu, nalo hunilipa kuliko mengine.

Kuhusu hilo la kuficha: ukiona faili uliyoitazama asubuhi haipo tena mchana, usifikiri imefutwa. Autopsy ina chaguo la kuficha faili zinazojulikana kwenye orodha zake. Nenda kwenye mipangilio, ondoa tiki, itarudi.

Dalili: heshi ya nakala nzima si ile ya siku ya kunakili

Hii humtoa mtu jasho, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama kielelezo kitasimama. Tulia. Kwanza angalia umekokotoa nini. Nakala ya E01, aina ya faili inayotumika kuhifadhi nakala ya diski, ni kama kasha: ndani yake kuna data iliyobanwa, jina la kesi, tarehe, na heshi ya diski. Ukiandika `md5sum kesi.E01` unapima kasha, wakati heshi iliyoandikwa kwenye fomu ni ya kilichomo. Tumia `ewfverify kesi.E01`, na hakikisha vipande vyote (E01, E02, E03 na kuendelea) viko folda moja.

Kama umerudi kuipima diski yenyewe nayo ni SSD (diski ya chipu, isiyozunguka), tarajia tofauti. SSD ikipata umeme tu huanza kusafisha nafasi zilizofutwa, na kizuia uandishi, kifaa kinachoizuia kompyuta kuandika kwenye diski, hakiwezi kuizuia kwa kuwa kazi hiyo inafanyika ndani ya diski. Heshi ya diski nzima inabadilika. Heshi za faili zilizopo zinabaki zile zile. Ndiyo maana unanakili mara moja, na kinachohakikiwa baadaye ni nakala. Kwa diski kuukuu zenye sekta mbovu, soma kumbukumbu ya unakilishaji: chombo hujaza sifuri pale kiliposhindwa kusoma, na mara ya pili kinaweza kushindwa mahali pengine.

Na kama mtu aliichomeka diski kwenye Windows bila kizuia uandishi "kuangalia tu", hakuna tiba. Windows imeshaandika. Liandike kwenye ripoti, na saa yake, kabla upande wa pili haujaligundua.

Dalili: SHA-1 kutoka Amcache haipatikani popote

Amcache.hve, faili ambayo Windows huiandika yenyewe, hutunza SHA-1 za programu zilizokuwepo kwenye kompyuta, hata zilizokwisha kufutwa, kwa hiyo ni hazina. Ila ina vituko viwili. Heshi zimetanguliwa na sifuri nne. Zikate kabla ya kutafuta. Pili, kwa faili kubwa Windows hukokotoa baiti 31,457,280 za mwanzo tu, yaani MB 30. Faili ikizidi hapo, heshi ya Amcache haitalingana na ya faili nzima katika orodha yoyote. Ukiwa na faili yenyewe unaweza kuhakiki: `head -c 31457280 faili.exe | sha1sum`.

Dalili: ni picha ile ile kwa macho, heshi mbali kabisa

Imepita WhatsApp. Programu hiyo huibana picha upya, na hiyo ni faili mpya. Waraka wa Word uliofunguliwa na kuhifadhiwa tena bila kubadilishwa neno nao ni faili mpya. Heshi ya kawaida haijui "karibu sawa". Kwa nyaraka na programu zinazofanana jaribu ssdeep, aliyoitoa Jesse Kornblum mwaka 2006, inayokata faili vipande na kupima ufanano. Kwa picha kuna heshi za mwonekano kama PhotoDNA, iliyotengenezwa na Microsoft pamoja na Hany Farid mwaka 2009. Hizo zinakupa cha kwenda kukitazama kwa macho yako.

Faili zilizofufuliwa kutoka nafasi iliyofutwa zina shida jamaa ya hiyo. Chombo hukisia faili inaishia wapi, kikabeba baiti za ziada mkiani, au faili ilikuwa imetawanyika nacho kikaunganisha vipande visivyo vyake. Linganisha vipande vya baiti 4,096 badala ya faili nzima.

Dalili: inachukua siku nzima

Unatafuta kwenye faili la maandishi bila faharasa. Tumia seti ndogo, jenga faharasa, iweke kwenye SSD. Usikimbilie kupakia faili za kesi kwenye tovuti za kukagua virusi ili kuharakisha. Tafuta kwa heshi peke yake. Ukipakia faili, umeshawapa watu wengine kielelezo.

Dalili: wakili amesimama na kusema MD5 imevunjwa

Anasema kweli, na ukimbishia utaaibika. Mwaka 2004 watafiti wa China wakiongozwa na Xiaoyun Wang walionyesha vitu viwili tofauti vyenye MD5 moja. Mwaka 2012 iligundulika virusi ya Flame, iliyokuwa imetumia udhaifu huo kughushi cheti cha Microsoft. Februari 2017 Google na kituo cha CWI cha Amsterdam walitoa PDF mbili zenye SHA-1 moja, na Desemba 2022 NIST ikatangaza kwamba SHA-1 iwe imeachwa ifikapo mwisho wa 2030.

Lakini sikiliza kilichovunjwa. Wote hao walikuwa na uhuru wa kutengeneza faili zote mbili. Ni kama mtu kuzaa mapacha wanaofanana. Kumtafutia mtu mzima aliyekwisha kuwepo, mathalani faili ambayo Microsoft waliitoa miaka mitano iliyopita, pacha wake wa MD5, ni kazi nyingine kabisa, na hadharani hakuna aliyeifanya. Jibu hilo linatosha kwa siku hiyo. Jibu bora zaidi ni kutolifikia swali: kokotoa MD5 kwa ajili ya kutafuta na SHA-256 kwa ajili ya kuthibitisha, uziandike zote mbili.

Tangu sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania mwaka 2021, utayaeleza haya kwa Kiswahili, na mwenye kuamua hakusomea kompyuta. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaitaka mahakama ipime jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na uadilifu wake ulivyolindwa. Kwa hiyo ripoti iseme toleo la RDS na tarehe yake, seti ipi, heshi ya aina gani, chombo na toleo lake, faili ngapi ziliwekwa kando na ngapi zilibaki. "Nilichuja faili za kawaida" ni sentensi itakayokurudia.

Mara ya mwisho niliposimama pale, wakili alimaliza mambo yake ya MD5 akaketi. Hakimu ndiye aliyenikamata.

"Shahidi, umesema programu hii ya kufuta ni ile ile ya kiwandani, haijachezewa. Sawa. Mshtakiwa aliitumia?"

"Mheshimiwa, heshi haisemi hilo."

"Kinachosema ni nini?"

Nikaomba nifungue ukurasa wa kumi na nne, kwenye jedwali la Prefetch, kumbukumbu ambazo Windows huziweka za programu zilizoendeshwa: jina la programu, mara ngapi iliendeshwa, na nyakati za mara nane za mwisho. Ya mwisho kabisa ilikuwa usiku wa kuamkia siku polisi walipofika. Nani alikuwa ameketi kwenye kiti usiku huo, alilijibu mlinzi wa getini na daftari lake.